Mwalimu Chini ya Dari la Plastiki

Alizaliwa mwaka gani na baba yake alikuwa nani, hayo kawaulizeni wa kwao Mamboya. Wapo, na wanapenda kusimulia. Mimi naandika ya Mwalimu niliyemjua mwenyewe, tangu alipotufundisha kusoma sisi wakata mkonge wa Kimamba, mpaka siku niliyopanda ngazi barazani kwake Mikumi nikiwa na bisibisi mkononi. Hapo katikati ni miaka mingi, na sitaipanga kwa foleni. Nitaitoa kama mtu anavyotoa vitu kwenye gunia. Kitakachotangulia mkononi ndicho kitakachotoka.

Jina lake nalijua. Hakuna aliyelitumia. Marehemu mumewe mwenyewe alimwita Mwalimu, mbele za watu na, nadhani, hata wakiwa wawili tu chumbani.

Nianze na sauti. Walimu wa kupiga kelele nimewaona wengi. Huyu alishusha sauti, na kadiri alivyoishusha ndivyo darasa lilivyonyamaza. Tulikuwa watu wazima, wenye wake na watoto, mikono imechanwachanwa na miiba ya mkonge. Jioni tunajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Ukitoa jibu la ovyo hakukuambia umekosea. Alisema, "Nimesikia kelele, sijasikia jibu." Basi unatafuta jibu huku jasho linakutoka kuliko shambani.

Siku moja nyapara wa shamba alikuja kumtoa mwenzetu mmoja, eti kuna kazi ya haraka kiwandani. Yule nyapara aliogopwa. Akaingia na kofia yake kichwani, hajabisha hodi. Mwalimu hakugeuka. Alikuwa anaandika ubaoni, akaendelea kuandika. Akasema, "Anamaliza mstari wake, halafu atakuja. Wewe subiri nje, na ukirudi kuingia humu uvue kofia." Tukainamisha vichwa tukijua leo kuna mtu atafukuzwa kazi. Nyapara akatoka. Tulimwona dirishani, ameshika kofia yake kifuani kama mtu wa msibani. Mwenzetu akamaliza mstari, tena kwa makusudi akauandika polepole.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliwaagiza watu, nao wakatii, na wala hawakujua kwa nini wametii mpaka walipofika nyumbani. Kilosa nzima ilipita mikononi mwake, ama darasani kwa watoto asubuhi, ama kwetu jioni. Mkuu wa kituo cha treni, mpima ardhi, mchoma mishikaki, wote. Alivyohamishwa huku na kule ndivyo alivyoongeza watu wa kumtii.

Lakini msimgeuze kuwa sanamu ya kanisani. Alikuwa na mambo yake. Nyani wa Mikumi akiingia jikoni alimfukuza kwa mwiko, tena akimsema kama mwanafunzi mtoro. Ila akiona kinyonga kwenye ua, anaita watu. Mwavuli hakuuacha, mvua au jua. Chai alikunywa bila sukari. Aliacha sukari ile miaka ya foleni, tulipokuwa tunaipata kwa bahati, na ilipojaa tena madukani hakuirudia. Nilimuuliza. Akasema, "Nilihangaika sana kuizoea hali hii. Sitaki nizoee tena utamu halafu waje waufiche."

Na alichukia biashara. Hapo ndipo tulipogombana mimi na yeye, ugomvi wetu mmoja mkubwa. Zamani msumari ulikuwa unaupata kwa kibali, na kibali unakipata kwa kujuana. Serikali ilipofungulia biashara, mimi nikaacha mkonge. Nikanunua baiskeli chakavu, nikafunga boksi nyuma, nikawa napeleka misumari, bawaba na vitasa mpaka vijiji vya Lumuma huko, kwenye milima ambako baiskeli inakubeba kidogo na wewe unaibeba zaidi. Sikusaidiwa na mtu. Sikurithi. Leo ukipita Mikumi kwenye barabara kuu ukaona duka la vifaa vya ujenzi lenye milango ya bluu, ni langu, na kila tofali nalijua.

Basi enzi za ile baiskeli alikutana na mimi Kilosa, karibu na soko. Akaliangalia boksi. Akaniangalia mimi.

"Nilikufundisha kusoma ili uje kutulangua?"

"Mwalimu, hii siku hizi inaitwa biashara."

"Ilibadilika jina lini?"

Watu wakacheka. Nikaona aibu, halafu nikaona hasira. Nikamjibu kwamba mshahara wake ungekuwa unatosha asingekuwa anauza vitumbua kupitia dirisha la nyuma la nyumba ya walimu, ambavyo hata mimi nimekula. Watu wakaacha kucheka. Mwalimu akafungua mwavuli wake taratibu, ingawa jua lilikuwa limeshapoa. Akasema, "Vile vitumbua ni vitumbua. Lete bawaba mbili, na uzichague vizuri, usinipe zilizopinda." Wiki ile ile walimu wenzake wakaanza kunijia mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa ametumwa na yeye. Neno biashara hakulitamka hata hivyo. Akiulizwa mimi nafanya nini, alisema, "Huyu mwanafunzi wangu yuko kwenye vifaa." Kama vile vifaa ni wizara.

Mwanawe wa kiume, mmoja tu, alisoma akaenda Dar es Salaam, akapata kazi nzuri. Mzee wake alipofariki akamjengea mama nyumba Mikumi, karibu na barabara ili akija asihangaike. Nyumba ya kisasa. Bati la rangi, vioo, na baraza la mbele limefunikwa chini ya paa kwa lile dari la plastiki nyeupe linalong'aa. Plastiki ile niliuza mimi. Ni nyepesi, hailiwi na mchwa, inapanguswa kwa kitambaa. Watu wanaipenda. Mwalimu aliitazama siku ya kwanza akasema, "Ni kama kuishi ndani ya sahani." Lakini akaipangusa kila Jumamosi kwa fimbo yenye kitambaa, mpaka fimbo ikamshinda.

Kusahau kulimwingia polepole. Alikuja dukani kuulizia bei ya rangi, akaenda, akarudi kuulizia bei ya rangi. Nikadhani ananipima kama nitaongeza. Halafu akaanza kuniuliza habari za watu waliokufa, na mimi nikaanza kumwambia ni wazima, kwa sababu nikimwambia wamekufa analia upya, kama habari ndiyo kwanza inamfikia. Kesho yake ananiuliza tena.

Halafu ikaja safari. Anavaa viatu vya kanisani, anachukua mkoba na mwavuli, anatoka. Anakwenda Mamboya, mama yake anamsubiri. Na Mwalimu haendi vichochoroni. Anakwenda barabara kuu, ile ya malori ya Zambia, anasimama pembeni ya lami na kunyoosha mwavuli kusimamisha gari. Mikumi tumewazika watu wenye akili timamu na miguu ya mbio, waliogongwa kwenye lami ile. Mwanawe alijua, mimi nilijua, na Mama Rehema, yule jirani anayempikia, alijua. Siku moja atakuja lori ambalo breki zake hazikusoma kwa Mwalimu.

Mtasema, si azuiwe? Haya, mzuieni nyie. Mama Rehema alifundishwa na yeye darasa la tatu. Anasimama mlangoni na mikono yote miwili, Mwalimu anamwambia kwa ile sauti ya chini, "Sogea nipite," na mwenyewe Mama Rehema anajikuta ameshasogea. Analia, lakini amesogea. Kuna kondakta wa basi alimchukua mpaka Kilosa mjini. Nilimfuata yule kondakta nikamkaripia: wewe huoni huyu bibi ni mgonjwa? Akaniambia, "Mzee wangu, alinambia nimpandishie mkoba juu, nimpishe siti ya mbele na nifunge dirisha. Nilifanya yote. Nilishangaa mwenyewe." Nikamuuliza alisoma wapi. Akanitajia. Alikuwa ametoka darasani kwa Mwalimu.

Mimi nilileta kufuli. Kubwa, la shaba, la dukani kwangu, nikafunga geti, funguo nikampa Mama Rehema. Mwalimu alilitazama kufuli muda mrefu. Kisha akakaa dirishani. Akapita kijana wa bodaboda, akamwita. Akamweleza kwa utulivu kabisa kwamba watu wasiojulikana wamemfungia ndani na wanamdai hati ya nyumba. Hakupiga kelele hata kidogo. Ndani ya muda mfupi walikuwa wamejaa getini na nyundo, na kufuli langu likavunjwa kwa nyundo niliyoiuza mwenyewe. Nilipofika wakataka kunipiga. Aliyeniokoa ni Mwalimu. Aliwaambia, "Mwacheni, huyu yuko kwenye vifaa."

Basi mwanawe akaamua kamera. Alinipigia simu akanieleza: itafungwa chini ya dari la baraza, itatazama geti, na yeye kule Dar ataona kwenye simu yake kila mama akitoka, atupigie tumkimbilie. Nikamwambia, na nani atakayemrudisha? Akasema, "Mzee, nifanye nini? Niache kazi? Nimlete huku ghorofa ya nne nimfungie kwa ufunguo? Niambie nifanye nini." Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kelele tu.

Alileta fundi kutoka mjini, kijana mwenye begi na tochi ya kichwani. Kijana alifunga kamera kwa skrubu fupi moja kwa moja kwenye plastiki, akapima picha, akaondoka. Sasa, dari lile lina uwazi ndani kama mwanzi. Ukikaza skrubu pale umekaza hewa. Likaja joto la Mikumi, mchana bati linawaka, plastiki ikalegea, kamera ikainama. Ikainama kila siku kidogo, mpaka ikawa inatazama sakafu. Mwanawe akawa anaona miguu. Anaona kandambili zinaingia, kandambili zinatoka, na hajui ni za mama yake au za Mama Rehema. Siku ile viatu vya kanisani vilipopita kwenye picha, alikuwa kwenye kikao, akadhani ni mgeni. Mfugaji mmoja, aliyekuwa anavusha ng'ombe, ndiye aliyemkuta Mwalimu amesimama katikati ya lami, akamtoa kwa kumzungushia ng'ombe pande zote mbili mpaka malori yakasimama. Mtu wa kuja, Kiswahili chake cha kuokoteza, hakusoma kwa yeyote. Labda ndiyo maana aliweza.

Nikasema kamera naifunga mimi.

Mwalimu alikuja mwenyewe dukani siku hiyo, ameshikwa mkono na Mama Rehema. Nilikuwa nimemwaga skrubu juu ya kaunta nachagua. Akavuta kiti, akavaa miwani.

"Hizi ni za nini?"

"Za kufungia kamera, Mwalimu. Kwako."

"Impige nani picha?"

"Wezi."

"Muongo. Mwizi gani aje kuniibia miwani?" Akachukua skrubu moja, akaigeuza. "Wanataka kunichunga."

"Mwalimu, wanakupenda."

"Sikuuliza kama wananipenda."

Mama Rehema akatazama pembeni. Mimi nikaendelea kuchagua kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mwalimu akaanza kuuliza, kimoja kimoja, kama zamani. Hii fupi inashika nini? Nikamwambia inashika plastiki tu, ndiyo iliyotuangusha. Na hivi vijiti vya plastiki? Hivyo ni vya ukuta wa tofali, vinavimba ndani ya tundu, kwenye dari havina cha kuvimbia. Na hii yenye mabawa? Hiyo unaipitisha imekunjwa, inakunjuka kule juu na kushika mgongo wa dari.

"Si ndiyo hiyo?"

"Inashika, ila inashika plastiki ile ile. Ikilegea plastiki, mabawa yanalegea nayo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo natafuta mbao. Dari lenyewe limepigiliwa kwenye mbao za mbili kwa mbili. Pale kamera inapotakiwa mbao haipo. Nitafungua vipande viwili vya pembeni, niingize ubao ukae juu, ushikwe na mbao za pande zote, halafu skrubu ndefu ipite plastiki iende ikaume ubao. Na chini niweke washa, kile kipete cha chuma, na nisikaze sana, plastiki isipasuke."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha kidole, akaisogeza ile ndefu, iliyopakwa zinki, mbele yangu.

"Chukua hii. Mkiamua kumchunga mtu, mchungeni na kitu kinachoshika."

Nilifurahi. Msinicheke, nilifurahi kabisa, nikajiambia huyu bado yupo. Nikafunga skrubu kwenye karatasi. Akazitazama zilizobaki kwenye kaunta, akarekebisha miwani.

"Hizi ni za nini?" akauliza.

Nilikwenda kwake mchana baada ya chakula, jua likiwa limeshuka kidogo. Nilipanda mwenyewe. Wapo mafundi ninaowalipa, lakini kazi hii sikuitaka mikononi mwa mtu mwingine. Mama Rehema akaenda mashineni kusagisha, nikamwambia nenda, mimi nipo. Ubao ukaingia vizuri. Nikatoboa, nikainua kamera, skrubu mbili nimeziuma kwa meno, simu iko mfukoni mwa shati imewashwa, mwanawe anasikiliza kutoka Dar na kutazama picha kwenye simu nyingine.

"Kushoto kidogo, mzee. Hapo. Naona baraza na geti lote."

Geti lilikuwa wazi. Nililiacha wazi kwa ajili ya ngazi.

Mlango wa ndani ukafunguka. Viatu vya kanisani, mkoba, mwavuli. Mimi mikono yote iko juu, kamera imeshikwa na skrubu moja ambayo haijakaa sawa. Nikiachia inaanguka, na nikishuka kwa mwendo wa magoti yangu haya, yeye ameshafika barabarani.

"Mzee," simu ikasema kifuani, "anatoka. Mama anatoka. Namwona. Mzee, unamwona?"

Namwona. Alikuwa chini yangu kabisa. Akafika kwenye ngazi, akasimama, akainua uso. Aliniangalia vizuri, kama mtu anayetafuta adabu inayofaa. Kisha akapiga goti kidogo, uzee wote ule, mkono mmoja umeshika ngazi.

"Shikamoo, baba."

Skrubu zikaniponyoka mdomoni. Tangu Kimamba neno lile mimi ndiye ninayempa, yeye ndiye anayepokea. Hata alipogombana na mimi sokoni tulianza nalo. Nikasema, "Mwalimu, ni mimi." Uso wake ukabadilika. Alikuwa mtoto aliyemwamkia mkubwa na mkubwa hakuitikia, na hajui amekosa nini. Akarudia, safari hii kwa sauti ndogo, goti likazidi kushuka, nikaona ataanguka.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

Akashusha pumzi. "Naomba ruhusa, baba. Naenda nyumbani. Mama ananisubiri, na njia ya Mamboya ni ndefu."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichowekwa mikononi mwangu. Sikukitaka. Mama Rehema hakukipata, kufuli halikukipata, mwanawe na mitambo yake yote hakukipata.

"Hapana," nikasema. Sauti yangu ilitoka kavu. "Leo huendi, mwanangu. Rudi ukae pale kwenye ngazi ya baraza."

Akageuka, akarudi, akakaa. Mkoba juu ya mapaja, miguu pamoja, mwavuli pembeni. Hakubisha, wala hakushusha sauti. Hakuniambia amesikia kelele.

"Mzee!" mwanawe alikuwa anapiga kelele za furaha mfukoni mwangu. "Amekaa! Picha safi kabisa, namwona amekaa! Umemwambiaje? Mzee, umemwambiaje?"

Nikatoa skrubu nyingine mfukoni, nikaipachika, nikakaza. Ikauma ubao vizuri, plastiki haikupasuka. Nikashika kamera nikaitikisa, haikutikisika. Kazi nzuri. Nilibaki pale juu, bisibisi mkononi, nikisubiri anikemee. Aniulize nimeupata wapi ujeuri wa kumwamrisha Mwalimu nyumbani kwake. Nilimpa nafasi. Nilimpa nafasi ndefu.

Akainua uso kunitafuta.

"Nimekaa vizuri, baba?"